"Slowly" inapogoma: dalili, chanzo na tiba ya "polepole" ya Kiingereza

Nimesahihisha barua, ripoti na insha za Kiingereza za watu waliolelewa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na neno linalonipa kazi kubwa kuliko umbo lake ni "slowly". Lina silabi mbili tu na hufundishwa mapema shuleni. Hata hivyo hurudi mezani kwangu kila wiki likiwa limevunjika mahali palepale. Makosa yenyewe si mengi. Ni machache yanayojirudia, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Tafuta yako, anza na ukaguzi mwepesi, na usifungue mashine nzima kama tatizo ni waya wa nje.

Kabla ya dalili yoyote kuna ukaguzi mmoja unaotatua nusu ya kesi, nao hauhitaji Kiingereza. Rudi kwenye sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani mwako, ondoa "polepole", uweke maneno mengine mahali pake. Je, ulimaanisha kwa mwendo mdogo? Au kidogo kidogo, leo hiki kesho kile? Au kwa uangalifu, usije ukavunja kitu? Au kwa sauti ya chini, maana mtoto amelala? "Polepole" yetu inafanya kazi hizo nne bila kulalamika. "Slowly" inafanya ya kwanza tu kwa uhakika, na zile nyingine tatu Kiingereza kimewagawia wafanyakazi wengine. Mara nyingi mtu huja akisema "slowly" yake ni mbovu, kumbe nzima kabisa, ila imetumwa kazi isiyo yake.

Dalili ya 1: Umeandika "slowly by slowly" na mtu ameizungushia duara jekundu

Hii ndiyo kesi ninayoipata zaidi ya zote. "We are building the house slowly by slowly." "Slowly by slowly she learned to read."

Chanzo cha kawaida ni uradidi. Sisi tunarudia: polepole, harakaharaka, kidogo kidogo, sawasawa. Kielezi kikisimama peke yake sikioni mwetu husikika kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Kiingereza hakina mazoea hayo na vielezi vyake. "Slowly" moja inatosha.

Chanzo cha pili ni hilo "by". Halikutoka hewani. Limeazimwa kutoka "little by little", "step by step", "day by day". Angalia maneno yanayoizunguka "by" katika mafungu hayo: kiasi kidogo, hatua, siku. Ni vitu vinavyoweza kuhesabiwa au kupimwa, kimoja kikifuata kingine. "Slowly" haihesabiki. Huwezi kuwa na slowly mbili. Ndiyo maana fungu hilo humkwama Mwingereza kooni, ingawa maana anaipata.

Chanzo cha tatu ni kwamba umelisikia tangu utotoni. Nairobi, Kampala, Arusha, watu wenye shahada zao hulitumia na hakuna anayeshtuka. Hapo msimamo wangu hauwapendezi walimu wote: kati yetu sisi kwa sisi, liache. Ni Kiingereza cha hapa kwetu na kinaeleweka. Lakini katika mtihani, barua ya kuomba kazi, au maandishi yatakayosomwa na mtu asiyewahi kufika huku, litoe.

Tiba inategemea jibu lako katika ule ukaguzi wa mwanzo. Ikiwa ulimaanisha kidogo kidogo, andika "little by little" au "bit by bit". Nyumba ile inayojengwa mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, mwaka mwingine bati Mungu akijalia, ni "bit by bit", na ukitaka kuichora zaidi "brick by brick" ipo, tena hapa ni kweli tofali kwa tofali. Katika ripoti ya ofisini tumia "gradually": "Sales have gradually increased." Ikiwa ulitaka kusema polepole lakini tutafika, fungu la Kiingereza lipo tayari: "slowly but surely". Na kama ulimaanisha mwendo tu, kata "by slowly" uendelee na safari.

Methali zetu zenyewe zinajua tofauti hii kuliko sisi tunaozitumia. "Haba na haba hujaza kibaba" inazungumzia kiasi, kwa hiyo tafsiri yake huanza na "little by little". "Mwenda pole hajikwai" inazungumzia mwendo, na hapo ndipo "slowly" ina haki ya kuingia.

Kuna pahala pamoja ambapo kurudia kunakubalika. Waongoza wageni wa Kilimanjaro huwaambia wapandaji "pole pole" tangu getini, na akitokea asiyeelewa humwambia "slowly, slowly". Hiyo ni sawa. Ni wito, kama unavyomwita mtu mara mbili, na haina "by" katikati. Mlima una mita 5,895 na anayeukimbilia huugua hewa nyembamba kabla ya kuona theluji, kwa hiyo wito huo una kazi yake. Ila mgeni huyohuyo akirudi kwao na kuandika safari yake, ataandika "we walked slowly", mara moja.

Dalili ya 2: "The network is slowly" inaonekana sahihi lakini haiko sahihi

Anza na ukaguzi mwepesi. Tazama neno lililotangulia. Kama ni "is", "are", "was", "seems", "looks" au "feels", na unaeleza kitu chenyewe badala ya tendo, basi ondoa "-ly". Mtandao ni kitu: "The network is slow." Kupakua ni tendo: "The file is downloading slowly." Katika sentensi hii ya pili "is" ipo, lakini kitenzi cha kazi ni "downloading", na hicho ndicho "slowly" inachokieleza. Wengi huishia hapa na kesi inafungwa.

Kosa hili hutoka kwenye Kiswahili, maana tunasema "mtandao uko polepole leo" na hatulazimiki kubadili umbo la neno. Pia hutoka shuleni, ambako tulichapwa sana kwa kusahau "-ly" hata tukaanza kuipachika kila mahali kwa tahadhari. Wa kundi hili la pili huandika pia "I feel badly" na "the food smells nicely". Tiba ni ileile.

Na kinyume chake, yaani "He drives slow"? Hapa usikimbilie kalamu nyekundu. "Slow" imetumika kama kielezi katika Kiingereza kwa karne nyingi, Shakespeare mwenyewe aliitumia hivyo, na mpaka leo utaiona kwenye mabango ya barabarani na kuisikia vinywani mwa watu. "Go slow" ni ya kawaida. Lakini msahihishaji wa mtihani anataka "slowly", na yeye ndiye mwenye alama. Mbele ya kitenzi kilichogeuzwa kuwa kivumishi, "slow" hushika nafasi yake pamoja na kistari: "slow-moving traffic", "slow-growing trees".

Simama hapa: usiandike kamwe "he is slow" ukimzungumzia mtu, hasa mtoto. Kwetu "ni mpolepole" ni sifa. Binti mpolepole ni mstaarabu, hana makuu. "He is slow" kwa Mwingereza maana yake ni mzito wa kuelewa, tena ni tusi. Nimewahi kuiona kwenye barua ya kumpendekeza kijana kazini, na mwandishi alidhani anamsifu. Sifa ile kwa Kiingereza ni "gentle" au "calm". Ukitaka kusema anahitaji muda zaidi kumaliza kazi, sema hivyohivyo: "He needs more time to finish his work." Na kama kweli una wasiwasi kwamba mtoto anachelewa kujifunza, hilo si la kutatuliwa kwa kielezi. Mwalimu na daktari wa watoto ndio wa kumwangalia, na wao ndio wenye maneno ya kuandika kwenye karatasi.

Dalili ya 3: Maneno yote ni sahihi lakini sentensi inachechemea

"She opened slowly the door." Kila neno lina tahajia yake, kompyuta haijapiga mstari, bado kuna kitu kinakwaruza.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: umeitia "slowly" kati ya kitenzi na yambwa. Kiswahili kinaruhusu. "Alifungua polepole mlango" na "alifungua mlango polepole" zote zinapita. Kiingereza hakipendi mtu aketi kati ya kitenzi na kitu kinachotendwa. Weka "slowly" mwishoni, "She opened the door slowly", au kabla ya kitenzi, "She slowly opened the door". Unaweza pia kuiweka mwanzoni kabisa, "Slowly, she opened the door", lakini hiyo ina harufu ya hadithi. Katika ripoti ya mlinzi wa usiku itachekesha.

Yambwa ikiwa ndefu, usingoje mwisho, maana msomaji atakuwa amekwisha sahau kitenzi. "She slowly opened the door of the room where the children were sleeping." Na kitenzi kikiwa na msaidizi, "slowly" hupenda kukaa baada ya msaidizi wa kwanza: "The wound is slowly healing."

Ukaguzi wa ndani zaidi unahitajika pale sentensi ina vitenzi viwili, kwa sababu hapo nafasi hubadilisha maana. Soma hizi mbili: "The doctor said slowly that she was improving." "The doctor said that she was improving slowly." Katika ya kwanza daktari ndiye aliyesema polepole, labda kwa sababu mama wa mgonjwa hasikii vizuri. Katika ya pili kupona ndiko kunakwenda polepole. Familia ikipokea ujumbe wa pili badala ya wa kwanza itakesha bila usingizi. Kila ukiona vitenzi viwili, uliza ni kipi kinachokwenda polepole, na uisogeze "slowly" karibu nacho.

Dalili ya 4: Sarufi haina kosa, ila mwenzako anafanya jambo lingine

Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna duara jekundu. Umemwambia mgeni "speak slowly, the baby is asleep", naye akaanza kutenganisha maneno yake moja moja, kwa sauti ileile ya juu. Ulitaka "quietly" au "softly". Umemwambia fundi "carry it slowly", akabeba kioo kwa hatua za kobe, lakini akakibwaga chini. Ulitaka "carefully". Umesema "close the door slowly", na sasa anausukuma mlango kama anayecheza ngoma ya mazishi. Ulitaka "gently", usiupige kishindo. Wote watatu wamefanya ulichosema.

Upande wa biashara kuna mtego wake. Ukiulizwa hali ya duka nawe ukajibu kwa Kiswahili "polepole tu", kuna matumaini ndani yake. Mambo yanasogea, Mungu ni mwema. Ukiandika "business is slow", umesema wateja hawaji. Mtu aliyetaka kukukopesha atafunga kabrasha. Matumaini yale huandikwa "business is picking up slowly" au "we are getting there".

Vilevile "I understand slowly" kwa maana ya "naanza kuelewa". "Slowly" hushikana vizuri na vitenzi vya mabadiliko kuliko vya hali, kwa hiyo mpe kitenzi kinachotembea: "I'm slowly beginning to understand." Hivyo hivyo "I'm slowly getting used to the cold", sentensi ambayo kila aliyehamia London au Minneapolis ataihitaji kabla ya Desemba.

Dalili ya 5: "Slowlier", "more slower", "too slowly"

Ya kwanza itoe. Ya pili imebeba "zaidi" mara mbili, chagua moja: "more slowly" katika maandishi, "slower" katika mazungumzo. "Could you speak a bit slower, please?" haimkeri mtu yeyote, na ni sentensi ya kukariri kabla ya simu yoyote ya kikazi.

"Too slowly" ina sumu kidogo. Wengi wetu hutumia "too" kwa maana ya "sana". Kwa Kiingereza "too" maana yake ni kupita kiasi, ni lawama. Ukimwandikia mkufunzi "thank you, you explained too slowly", umemshukuru na kumsuta papo hapo. Andika "very slowly", au bora zaidi uache "slowly" ipumzike na useme "thank you for taking your time".

Ukifika hapa na swali la kinyume chake, "fastly" haipo katika Kiingereza cha leo. Sema "fast" au "quickly".

Dalili ya 6: Unamwamuru dereva, hapunguzi

"Slowly!" peke yake inaeleweka, lakini kwa chombo ambacho tayari kinakimbia Kiingereza kina kitenzi chake: "Slow down!" Tofauti ni hii: "drive slowly" ni nasaha kabla ya safari, "slow down" ni amri wakati roho iko mkononi. Cha ajabu, "slow up" nayo maana yake ni kupunguza mwendo, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa nini juu na chini vimekubaliana hapo.

Ukiona bango la "DEAD SLOW" getini, usitafute maiti. "Dead" hapo ni "kabisa", yaani mwendo wa chini kuliko wote, na mabaharia hutumia maneno hayohayo kwa injini ya meli inapokaribia gati. Na "go-slow" yenye kistari ni nomino: kwetu ni mgomo baridi, Nigeria ni foleni ya magari. Mnaijeria akisema amechelewa kwa sababu ya "go-slow", usimuulize chama cha wafanyakazi kinadai nini.

Dalili ya 7: Unaitamka, wanasikia neno jingine

Ulimi wa Kiswahili hupenda irabu kati ya konsonanti, kwa hiyo "s" na "l" zikikutana huteleza kitu kidogo katikati. Ukiweka "i" utaeleweka. Ukiweka "o" utakaribia kusikika kama umesema "solely", yaani "peke yake tu", na hilo ni neno halali ambalo hata kirekebisha tahajia hakilikamati. Vuta "s" kama nyoka kisha uingie "l" bila kupumua. Usiseme huwezi. "Slesi" za mkate unazitamka kila asubuhi.

Mahali pa kuacha kujitengenezea

Kuna sehemu tatu ambazo ukikutana na neno hili usifanye ufundi wa nyumbani.

Ya kwanza ni dawa. "Slow release" kwenye boksi la vidonge haimaanishi umeze polepole. Maana yake kidonge kimetengenezwa kiachie dawa mwilini kwa saa nyingi. Ukikiponda au kukitafuna, dawa ya saa nyingi inaweza kuingia kwa mkupuo, na kwa baadhi ya dawa hiyo ni hatari kubwa. Mgonjwa akishindwa kumeza, mwone mfamasia kabla ya kukisaga. Na maagizo ya "inject slowly" ni ya muuguzi au daktari anayejua dakika zinazotakiwa, si ya ndugu mwenye kamusi.

Ya pili ni maelezo ya polisi au mahakamani nje ya nchi. "Gari lilikuja polepole" linaweza kuwa kilomita 10 kwa saa au 40, na Kiingereza chako ndicho kitakachosomwa mbele ya hakimu. Omba mkalimani. Uingereza, polisi wakimhoji mtuhumiwa asiyemudu Kiingereza hutakiwa kumpatia mkalimani bila malipo. Marekani, mahakama za shirikisho zina sheria ya wakalimani tangu 1978. Usione haya.

Ya tatu ni mikataba. Ukiona "slow" karibu na neno "payment", mpe mwanasheria.

Dalili ya mwisho: saa

"My watch is slowly." Hii ni dalili ya 2 imevaa nguo nyingine, lakini huulizwa sana hata naipa mstari wake. Saa ikibaki nyuma dakika tano, "my watch is five minutes slow". Ikitangulia, "five minutes fast". Ila kabla hujaipeleka kwa fundi, hakikisha si ile saa ya jikoni aliyoitega bibi. Kama ya kwake inasema saa 2 na simu yako inasema saa 8 asubuhi, hakuna iliyo "slow".